Kadi ya Kliniki Chini ya Godoro

Taarifa yangu ya kwanza kuhusu kijana huyu ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu, na neno lililojirudia humo mara nne ni "ameshindikana". Ameshindikana kwa bibi, ameshindikana shuleni, ameshindikana kwa mjomba, ameshindikana mtaani. Hakimu wa Mahakama ya Watoto aliisoma nikiwa nimesimama mbele yake, akaikunja, akanirudishia. "Alichofanya nimeshakisoma kwenye hati ya mashtaka," akasema. "Wewe nilikutuma uniletee alikotoka." Akanipa wiki tatu.

Nina miaka kumi na sita katika kazi ya ustawi wa jamii, na aibu ile niliistahili. Ninachoandika hapa ni zile wiki tatu na miezi iliyofuata. Majina sikuyaweka, na mambo kadhaa nimeyageuza ili wahusika wasitambulike. Moshi ni mji mdogo. Taja kona ya duka tu, watu watakutajia ukoo mzima.

Kosa lenyewe halina maelezo marefu. Machi 2023, mtaa wa Pasua, kijana wa miaka 14 anagombania gunia la vyuma chakavu na mtoto wa miaka 11. Anaokota kipande cha chupa, anamkata kiganjani. Nyuzi tisa. Mtoto yule alipona, ila kidole chake cha pete hakikunji vizuri hadi leo, na sitaki kisa hiki kisomwe kana kwamba yeye alikuwa mpita njia tu. Kabla ya hapo kijana alikuwa amevunja dirisha la duka la vipuri vya pikipiki, ameuza kuku wa bibi yake kwenye soko la Kiboriloni, na akiwa na miaka tisa alichoma banda la majani makavu ya migomba, akakaa pembeni kulitazama linavyoungua.

Kilichowatisha watu zaidi kuliko damu ni utulivu wake. Pale dawati la jinsia na watoto alieleza kila kitu kama anayesimulia mechi ya jana. "Nilimwambia aache. Hakuacha." Askari aliyeandika maelezo aliniambia kando, "Dada, huyu hana roho."

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Kwa mjomba ni bangi. Kwa mwalimu mkuu ni kukosa fimbo. Kwa ukoo mzima, kuanzia wazee hadi mashangazi, jibu lilikuwa moja na halikuhitaji ushahidi: damu ya baba. Baba yake aliwahi kufungwa kwa unyang'anyi, akatoka, akapotea. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Nami katika ule ukurasa wangu na nusu nilikuwa nimeandika hivyohivyo, kwa maneno ya ofisini: "Historia ya baba inaashiria mwelekeo wa uhalifu."

Kisheria mambo yalikuwa wazi. Chini ya miaka 10 mtoto hashtakiwi. Kati ya 10 na 12 lazima ithibitishwe kwamba alijua anafanya kosa. Huyu alishapita huko. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kuwa mtoto mpaka atimize 18 na hairuhusu afungwe gerezani. Mezani kulikuwa na njia mbili zenye maana: aende shule ya maadilisho ya Irambo, Mbeya, au abaki kwao chini ya uangalizi wa ofisi yetu. Wakati huo alikuwa mahabusu ya watoto, na niliambiwa anakula sana na anaamka usiku.

Nikapanda Kibosho.

Kwa bibi unafika kwa daladala, kisha bodaboda, kisha miguu yako mwenyewe kati ya migomba na mikahawa. Nilimkuta anapura maharage uani. Nikamuuliza maswali ya fomu, akanijibu majibu ya fomu. Nilipofunga faili na kuchukua ungo kumsaidia kupepeta, alinyamaza muda mrefu, akaingia ndani, akarudi na mfuko wa nailoni uliofungwa kwa kamba ya mgomba. Cheti cha ubatizo, risiti za kahawa za zamani, na kadi ya kliniki ya mtoto, imepauka lakini inasomeka. "Nimeiweka chini ya godoro," akasema. "Hakuna aliyewahi kuiuliza."

Miaka kumi na minne! Mimi mwenyewe nilikuwa nimekutana na mtoto huyu mara mbili kabla ya kesi, kuhusu kuku na kuhusu dirisha, na sikuwahi kuiuliza.

Kwenye kadi palibanwa karatasi ya kuruhusiwa wodi ya wazazi. Uzito wa kuzaliwa kilo 2.1. Uchungu wa siku mbili, sehemu kubwa ukiwa nyumbani, kisha safari ya usiku. Alama ya Apgar 3 kwenye dakika ya kwanza, 6 kwenye dakika ya tano. Alama hiyo, iliyopewa jina la daktari wa usingizi wa Marekani Virginia Apgar aliyeichapisha mwaka 1953, inapima mambo matano: rangi ya ngozi, mapigo ya moyo, mtoto anavyoitikia akiguswa, ukakamavu wa misuli na upumuaji. Kumi ndiyo juu kabisa. Tatu ni mtoto anayetafutwa aje duniani.

"Hakulia," Bibi akasema. "Walimsugua, wakampulizia. Mimi nilishajua amekwenda."

Ukifungua kadi ndani kuna ule mchoro wa ukuaji, kijani, kijivu na nyekundu, ambao kila mama wa nchi hii anaujua. Mstari wake ulianza chini, ukapanda vizuri ukaingia kijani, ukadumu hapo hadi mwezi wa kumi. Kisha ukaanguka. Mwezi wa kumi na nne upo kwenye nyekundu. Baada ya hapo hakuna nukta tena. Hakuna aliyempeleka kupimwa.

"Mwezi wa kumi kulitokea nini, Bibi?"

Hapo ndipo mama wa mtoto alipoingia kwenye kisa. Alikuwa na miaka 17, kidato cha pili. Wakati ule msichana akishika mimba, shule ilikuwa imekwisha. Mlango wa kurudi kwenye shule za serikali ulifunguliwa Novemba 2021, na kijana huyu alizaliwa 2009. Alijibana tumbo kwa kanga hadi mwezi wa sita. Alikunywa mizizi aliyopewa na rafiki ili mimba itoke, na Bibi aliyasema hayo huku ametazama maharage. Mtoto alipozaliwa hakutaka kumshika. Alinyonyesha kwa kuwekewa mtoto kifuani, uso ameugeuza ukutani. Mwezi wa kumi akaondoka kwenda Mirerani, akawa mama lishe kwenye machimbo. Wiki chache baadaye Bibi akavunjika nyonga, na mtoto akateremshwa Pasua kwa mjomba, akakaa huko hadi karibu miaka sita.

Nasema mapema: mtu asisome hapo "mama alimkataa" akadhani amepata mkosaji. Msichana aliyekataliwa na shule, na kwaya, na baba yake mzazi ndani ya mwezi mmoja, alikuwa na nini cha kumpokelea mtoto?

Kuna utafiti niliousoma chuoni nikafaulu mtihani, kisha nikausahau. Adrian Raine, Patricia Brennan na Sarnoff Mednick waliwachukua wavulana 4,269 waliozaliwa katika hospitali moja ya Copenhagen kati ya 1959 na 1961, wakatazama mambo mawili. Kwanza, je, kuzaliwa kwao kulikuwa na matatizo? Pili, je, walikataliwa mapema, yaani mama hakuitaka mimba, au alijaribu kuitoa, au mtoto aliwekwa kwenye kituo cha kulelea kwa miezi minne au zaidi katika mwaka wa kwanza? Kisha wakaangalia rekodi za uhalifu walipofika miaka 18. Matokeo yalichapishwa 1994. Waliopatwa na yote mawili walikuwa asilimia 4.5 tu ya wavulana wote, lakini asilimia 18 ya uhalifu wa kutumia nguvu ulikuwa wao. Kuzaliwa vibaya peke yake hakukuongeza kitu. Kukataliwa peke yake vilevile. Madhara yalitokea pale viwili vilipokutana.

Nilikaa kwenye kigoda cha Bibi na kadi mkononi, nikihesabu. Mimba isiyotakiwa, ndiyo. Jaribio la kuitoa, ndiyo. Kuachwa mwaka wa kwanza, ndiyo. Hakulia, ndiyo.

Ila hata kule Copenhagen wengi kati ya wale waliopatwa na yote mawili hawakumjeruhi mtu. Bila kukumbuka hilo, kadi ile ingegeuka ramli.

Kabla sijashuka nilipitia kwa mwalimu aliyemfundisha chekechea Pasua, sasa amestaafu na ana genge la mboga. Swali langu lilikuwa moja tu: alianza lini? Hakufikiri hata kidogo. "Alikuwa anauma. Miaka minne, anauma watoto wenzake mpaka damu, na ukimchapa anakuangalia." Swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Terrie Moffitt alitenganisha makundi mawili ya wakorofi: wale wanaoanza ujanani kwa kufuata wenzao na wengi wao huacha wakikua, na wale wachache wanaoanza wakiwa wadogo kabisa, wakiwa na matatizo ya umakini na lugha, na ndio wanaoendelea. Bangi ya mjomba ilifia hapo. Mtoto wa miaka minne hakuwa na bangi.

Na fimbo? Uchunguzi wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto wa mwaka 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania, wasichana kwa wavulana, waliwahi kupigwa au kuumizwa mwilini kabla ya miaka 18. Kama fimbo peke yake ingezaa majambazi tungekuwa taifa zima la majambazi, na kama ingewaponya, huyu angekuwa padri. Mgongo wake niliuona.

Uga wa mjomba

Niliacha kwa mjomba mwisho kwa sababu nilidhani sina jipya la kusikia. Ni mtu mwema, nilisema hivyo mahakamani na narudia. Alimpokea mtoto wa dada yake wakati wengine wote walikuwa na udhuru. Nyumba vyumba viwili, uga wa udongo uliofagiliwa vizuri, na kwenye kona, chini ya mwembe, jiko la mkaa lenye sufuria nzito iliyoungua ikawa nyeusi tii. Pembeni rundo la betri za gari zilizopasuliwa. Kwenye kopo kulikuwa na vidude vya kijivu, vidogo kama kokwa za zambarau, vyenye tundu katikati.

"Hizo ni nini, kaka?"

"Chubwi, dada. Za nyavu. Nawauzia wavuvi wa bwawa la Nyumba ya Mungu."

Alinieleza kazi yake kwa fahari. Betri iliyokufa anainunua kwa fundi, anaipasua, maji makali anayamwaga shimoni, bamba anaziyeyusha, anamimina kwenye vitundu vya udongo. Tangu lini? Tangu 2007. Na mtoto alipokuwa mdogo alikuwa akishinda wapi? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa samaki anashinda wapi. "Hapahapa. Ningemweka wapi?"

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni madini ya risasi. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 327, moto wa mkaa unatosha na kuzidi. Moshi na vumbi lake hutua kwenye udongo, na mtoto anayetambaa hutia mikono kinywani mchana kutwa. Mtoto mdogo hunyonya mwilini risasi mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima aliyemeza kiasi kilekile. Ikiingia, mwili huidhani ni kalisi: huihifadhi kwenye mifupa kwa miongo, na huiruhusu ipite hadi kwenye ubongo unaojengwa. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi kwenye damu kuwa ni salama. Thiaroye-sur-Mer, pembeni mwa Dakar, kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa kwenye mtaa ambao watu walikuwa wakichekecha udongo wenye mabaki ya betri ili wauze risasi. Hawa walikufa, ndiyo maana dunia ilijua. Anayepata kidogo kidogo hafi. Anauma wenzake chekechea.

Watu wengi wakisikia risasi hewani hukumbuka petroli. Petroli yenye risasi ilishaondolewa kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006, kabla kijana huyu hajazaliwa. Ya kwake haikutoka barabarani. Ilitoka chini ya mwembe. Na Kiswahili chetu, bila kutafuta hekima, kimeyapa jina moja madini haya na kile kitu kinachotoka kwenye bunduki.

Ushahidi kuhusu risasi na uhalifu nimejaribu kuutazama bila kuupenda mno, maana ulikuja wakati naupenda. Kule Cincinnati, Marekani, watu 250 walifuatiliwa tangu wakiwa tumboni mwa mama zao, damu ikipimwa mara kwa mara. Matokeo ya 2008 yalionyesha kwamba kila mikrogramu tano zaidi kwa desilita wakiwa na miaka sita zilikwenda pamoja na ongezeko la karibu nusu la kukamatwa kwa makosa ya ukatili ukubwani. Picha za ubongo za kundi hilohilo zilionyesha upungufu kwenye sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ile inayomwambia mtu "subiri". Lakini Dunedin, New Zealand, ambako risasi ya petroli iliwapata matajiri na maskini sawasawa, uhusiano kati ya risasi ya utotoni na hukumu za mahakama ulikuwa hafifu, na hilo lilichapishwa 2018. Maana yake ni kwamba sehemu ya kile tunachokiita risasi huenda ni umaskini uliosimama karibu nayo. Kwa kijana wetu vyote viwili vilikuwa kwenye uga mmoja, na sina kisu cha kuvitenganisha.

Damu yenyewe

Daktari wa watoto alikubali kumwona. Kipimo cha risasi hatukukipata, na akaniambia hata tungekipata kisingetueleza utoto wake, kwa sababu risasi kwenye damu hupungua nusu kwa mwezi mmoja hivi na iliyobaki hujificha mifupani. Kingetueleza ya sasa tu, kwani kijana bado alikuwa akipasua betri za kuuza. "Dawa ya kwanza haihitaji kipimo," akasema. "Mtoe kwenye betri."

Akampa zoezi la kurudia namba kinyumenyume. Tatu alirudisha. Nne zikampotea, akakasirika, akaomba ajaribu tena, zikampotea tena. Lakini nje, tulipokuwa tunasubiri, aliinua kwa mkono mmoja kipande cha bomba kilichotupwa akaniambia uzito wake. Nilikwenda nacho kwa muuza mbogamboga mwenye mizani. Alikosea gramu hamsini.

Halafu damu. Ukoo mzima ulikuwa umeitaja damu yake kwa miaka kumi na minne na hakuna aliyewahi kuipima. Himoglobini 9.6, na choo kilikuwa na safura. Kilichokuwa kibaya kwenye damu yake, kwa kadiri ya kipimo tulichokuwa nacho, ni upungufu wa madini ya chuma. Mtoto asiye na chuma hachoki tu na kukosa umakini. Utumbo wake hunyonya risasi kwa wingi zaidi. Hivi ndivyo mambo yalivyokuwa yakishikana mikono nyuma ya mgongo wetu.

Sasa nirudi kwa baba, maana sitaki nionekane ninamkimbia. Urithi upo. Tafiti 51 za mapacha na watoto wa kulea zilipojumlishwa mwaka 2002, jeni zilieleza kama asilimia 41 ya tofauti kati ya watu katika tabia za kuvunja kanuni na kuumiza wengine. Ni tofauti kati ya watu; haimaanishi kwamba asilimia 41 ya mkono ulioshika chupa ni ya baba. Tena jeni zenyewe ni nyingi, kila moja ikichangia chembe. Kuna wakati dunia ilichangamkia jeni moja inayoitwa MAOA: mwaka 2002, huko Dunedin tena, wanaume wenye aina yake yenye nguvu ndogo walikuwa wakatili zaidi pale tu walipokuwa wameteswa utotoni. Wasioteswa hawakuwa na neno. Hata jeni inayosemwa vibaya kuliko zote ilikuwa inangoja mtu aje aipige teke.

Na baba huyohuyo ana mtoto mwingine wa kiume, wa ndoa, aliyekulia Marangu kwa mama yake. Nilimtafuta. Ni fundi wa kuchomelea mageti, ana miaka 19, anacheka kwa sauti na hajawahi kuitwa na mtendaji. Ndugu mmoja hathibitishi kitu. Nusu ya jeni zao zinatoka kwa mama tofauti. Ila alinifanya nifute ile sentensi yangu kuhusu "historia ya baba".

Jambo dogo lakini nililipenda: mapigo ya moyo wa kijana akiwa ametulia yalikuwa 54 kwa dakika, na yalibaki palepale alipokuwa anasimulia kuhusu chupa. Mapigo ya chini ni miongoni mwa alama za mwili zinazojirudia sana katika tafiti hizi. Huko Sweden, kati ya wanaume zaidi ya 700,000, waliogawanywa mafungu matano, wale wa fungu lenye mapigo ya chini kabisa walikuwa na hatari ya kutiwa hatiani kwa ukatili iliyozidi kwa asilimia 39 ile ya fungu la juu kabisa. Dhana moja ni kwamba mwenye moyo wa polepole haogopi upesi, na hutafuta msisimko. Nilipomweleza dereva wetu alicheka: basi wapagazi wote wa Mlima Kilimanjaro wakamatwe. Ana haki. Moyo usioogopa ndio huohuo unaobeba mzigo wa kilo ishirini hadi kambi ya Barafu. Yule askari aliyesema "hana roho" alikuwa ameona kitu cha kweli, akakipa jina lisilo lake.

Taarifa ya pili ilikuwa ya kurasa kumi na moja. Mwendesha mashtaka aliniuliza swali zuri: "Kwa hiyo ni ubongo uliomkata mtoto?" Nikajibu kwamba mkono ni wake na kosa ni lake, ninachoeleza ni kwa nini miaka kumi ya fimbo haikufanya kazi, na kwa nini miaka mingine ya fimbo haitafanya.

Kwenye korido ndipo nilipopata mshtuko. Shangazi mmoja aliyekuwa amesikiliza kwa makini akanishika mkono. "Ahsante, mwanangu. Kumbe ubongo uliharibika. Basi ndivyo alivyo, tumwachie Mungu." Nilikuwa nimefanya kazi wiki tatu kuiondoa damu ya baba, na badala yake nimewapa kufuli jipya la mlango uleule. Hili kosa ni la zamani. Cesare Lombroso, daktari wa Italia, alitangaza mwaka 1876 kwamba kuna mhalifu wa kuzaliwa na unamtambua kwa taya na masikio. Charles Goring akapima wafungwa wapatao elfu tatu wa Kiingereza, akachapisha 1913 kwamba hakuna uso wa namna hiyo. Lombroso alikufa, lakini anaishi vizuri tu kwenye ukoo zetu.

Nilichomjibu shangazi ni Mauritius, na sina hakika alinielewa. Kisiwani humo, mwaka 1972, ulianza ufuatiliaji wa watoto 1,795 wa miaka mitatu. Waliokuwa na dalili za utapiamlo, nywele nyekundunyekundu, midomo iliyochanika pembeni, damu pungufu, walikuwa wakorofi zaidi wakiwa na miaka 8, 11 na 17. Lakini kundi dogo liliwekwa kwa miaka miwili kwenye chekechea ya namna yake: maziwa, juisi ya matunda, chakula cha moto chenye samaki au kuku au nyama, mazoezi, matembezi, walimu waliofundishwa kazi. Walipofika 17 na hata 23, tabia zao zilikuwa njema kuliko za wenzao, na walionufaika zaidi ni wale waliokuwa na utapiamlo mwanzoni. Mtoto aliyekuwa na kasoro kubwa ndiye alipiga hatua kubwa.

Kijana wetu alishapita miaka mitatu zamani sana. Sikumdanganya hakimu kwa hilo. Nilipendekeza vidonge vya chuma na dawa ya minyoo, kuacha kabisa betri, kuishi Kibosho kwa Bibi, darasa la MEMKWA, la watoto waliokosa elimu ya msingi, asubuhi kwa kuwa aliachia la nne, na mchana kwa fundi seremala ambaye angempa maagizo moja moja, kamwe si matatu kwa pamoja. Mjomba asimpige, akikosea niitwe. Hakimu akakubali: uangalizi wa miaka miwili.

Kabla ya yote Bibi alifanya lake, ambalo halikuwa kwenye taarifa yangu. Alikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, akashuka nalo hadi Pasua kwa wazazi wa mtoto aliyekatwa, kijana akiwa nyuma yake amebeba mkungu wa ndizi. Kwa Wachaga jani hilo likiletwa mlangoni ni vigumu mno kulikataa. Baba wa mtoto alikaa kimya karibu nusu saa. Kisha akalipokea, akasema kidole hakijarudi lakini jani amelipokea. Kijana hakulia. Alikuwa anatazama mkono wa yule mtoto.

Mwezi wa tatu aliiba randa ya fundi, akaiuza. Mwezi wa nne alimrudishia fundi hela nusu bila kuombwa. Mwezi wa saba alimpiga mwenzake wa MEMKWA ngumi, ikawa ngumi moja, akaondoka mwenyewe akaenda kukaa nje. Himoglobini ilifika 12.1. Kihamba bado hana, kwa kuwa kwa mila anatakiwa kukipata upande wa baba, na wajomba wengine wameanza kuuliza atakaa pale hadi lini. Hilo vidonge havitibu.

Mwaka jana nilipita Pasua kwa jambo jingine, nikaingia kumsalimia mjomba. Binti yake amejifungua. Mtoto ana miezi tisa, anatambaa kwa kasi, mnene, kadi yake iko kijani. Alinijia hadi miguuni, akafungua kiganja kunionyesha kitu. Chubwi, imelowa mate.

Nilikwenda na muuguzi wiki ileile. Mjomba hakubisha, wala hakuwa na kazi nyingine ya kufanya. Alihamisha jiko kutoka chini ya mwembe hadi nyuma ya choo, hatua kumi na nne nilizipima, na akamwaga udongo mpya kwenye kona. Mchana ule upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa choo.